Georges Lemaître

Georges Lemaître (Charleroi, 17 Julai 1894 – Leuven, 20 Juni 1966) alikuwa padri Mkatoliki na mwanafizikia kutoka Ubelgiji.

Mwaka 1927, akifundisha Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven, alieleza kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1931 alipendekeza kwamba ulianza kama atomu moja asilia. Wazo hilo lilizaa nadharia ya Mlipuko Mkuu.

Mwaka 1951 Papa Pius XII alitumia elimu hiyo kama ushahidi wa uumbaji. Lemaître hakukubaliana naye: kwake nadharia hiyo ilihusu mabadiliko ya maada tu, haikuweza kuthibitisha wala kukanusha kuwepo kwa Mungu.

Muda mfupi kabla ya kufa alipata habari kwamba umegunduliwa mnururisho uliobaki tangu mwanzo huo.