Yusuf bin Hassan: Mfalme wa Mombasa aliyefunzwa kuwapenda adui zake

Miongoni mwa watawala waliowahi kuketi katika kisiwa cha Mombasa, ni wachache ambao maisha yao yanahuzunisha kama ya Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walimwita Dom Jerónimo Chingulia. Alilelewa na taifa lililosababisha kifo cha babake, akafundishwa kwamba Mkristo humsamehe na kumsaidia hata adui yake. Kisha akarudishwa kutawala chini ya macho ya maafisa ambao wenyewe hawakulitenda fundisho hilo.

Yusuf alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 17 katika ukoo wa masultani wa Malindi. Ukoo huo ulikuwa na urafiki na Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498. Wareno walipoiteka Mombasa, mfalme wa Malindi alihamia kisiwani, na mwaka 1593 ujenzi wa Ngome ya Yesu ukaanza.

Urafiki huo haukudumu. Sultani Hassan bin Ahmed, babake Yusuf, alikosana na makapteni wa ngome juu ya mapato na madaraka. Mwaka 1614 alilazimika kukimbilia bara, upande wa Rabai, na huko akauawa na watu waliohongwa na Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa, makao makuu ya Wareno nchini India.

Mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka saba hivi, alipelekwa huko huko Goa. Watawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino walimpokea, wakamsomesha na kumbatiza. Alipokua alitumikia katika merikebu za kivita za Wareno, akajifunza kazi ya mizinga. Mwaka 1626 alirejeshwa Mombasa na kutawazwa mfalme, Mkristo wa kwanza kukalia kiti hicho.

Watawa walikuwa wamempa yatima yule chakula, elimu na jina. Hata hivyo, haki ya damu ya babake haikutolewa. Huko Mombasa, raia zake Waislamu walimwona kama mgeni, nao Wareno wa ngomeni wakamdharau. Mfalme akawa anakwenda kwa siri kwenye kaburi la babake, akimwombea kwa desturi ya Kiislamu. Habari hizo zilimfikia kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, ambaye alinuia kumkamata na kumpeleka Goa akahukumiwe. Yusuf alipong'amua hila hiyo, aliamua kutangulia.

Mnamo Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia ngomeni pamoja na watu wake na kumwua kapteni. Nyumba za Wareno zilizokuwa katika mtaa ambao leo ni Ndia Kuu, Mji wa Kale, zilishambuliwa. Waliokimbilia katika nyumba ya watawa walitakiwa kuchagua kati ya kusilimu na kufa, na wengi wakachagua kufa. Inakadiriwa kuwa karibu watu 300 waliangamia, Wareno na Waafrika Wakristo, wakiwemo wanawake na watoto ambao hawakuwa na hatia yoyote katika mauaji ya Sultani Hassan.

Mwaka uliofuata, kikosi cha merikebu kutoka Goa kilijaribu kuikomboa ngome, kikashindwa. Hata hivyo Yusuf alijua kwamba Wareno wangerudi. Aliibomoa sehemu ya ngome, akaiacha Mombasa na kugeuka haramia wa baharini. Alifariki mwaka 1638 katika eneo la Bahari ya Shamu, mbali na kaburi la babake. Wareno walioirejea ngome walichonga juu ya lango lake maandishi ya mwaka 1635, yanayojigamba jinsi walivyoitengeneza upya na kuwaadhibu watu wa pwani. Kisasi kikazaa kisasi, mpaka Waarabu wa Oman walipoitwaa ngome hiyo mwaka 1698.

Ni rahisi kumlaumu Yusuf peke yake kwa kuisaliti imani aliyobatiziwa, na damu ya watoto wa Mombasa haiwezi kutetewa. Lakini agizo la Injili la kumtendea adui mema liliwahusu kwanza wale waliolileta. Msamaria wa mfano wa Yesu hakumhubiria majeruhi njiani. Alimfunga vidonda na kumlipia gharama. Wareno walimtaka mtoto wa adui yao asamehe, ilhali wao hawakukiri kosa wala kufidia. Msamaha unaodaiwa na mkosaji, naye bado ameshika upanga, ni utiifu wa kulazimishwa, na utiifu wa namna hiyo hudumu maadamu mnyonge hajapata nguvu.

Mtaguso ni mtamu kwa mwingiliaji, ila kipimo cha imani ni tendo. Akanyaye wengine kisasi hana budi kuanza kwa kurudisha haki aliyoidhulumu.