Mtakatifu Antoni na Wageni wa Shambani



Antoni alizaliwa Misri, mwaka 251 hivi. Akiwa kijana kama sisi aliwagawia maskini mali aliyorithi. Baadaye akavuka mto Nile, akahamia kwenye ngome iliyoachwa, imejaa wanyama watambaao. Mt. Atanasi, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba walimpisha, naye akakaa humo karibu miaka 20.

Kisha akaenda mbali zaidi, mlimani jangwani. Akaomba jembe, shoka na nafaka kidogo, akalima ngano yake ili asimsumbue mtu kumletea mkate. Shida ikaja: wanyama wa porini wakija kunywa maji walimharibia shamba. Unadhani aliwategea mitego? Wala! Alimkamata mmoja taratibu, akawauliza wote kwa nini wanamdhuru asiyewadhuru, akawaomba waondoke kwa jina la Bwana. Hawakurudi tena.

Sisi je? Panya akikatiza tu bwenini, ufagio unaruka! Na wenzetu tunawarushia maneno. Antoni alikuwa na haki ya kukasirika, jasho lake lilikuwa linaliwa. Akachagua upole. Leo, kabla hujamfokea aliyekuharibia kazi, muulize kwanza, taratibu.

Mt. Antoni Abati, utuombee.