LUDWIG VON HÖHNEL: BAHARIA ALIYEUPIMA MLIMA MERU

Historia ya Injili katika nchi ya Meru na Arusha huanza kusimuliwa kwa majina ya Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamishenari wa Leipzig waliouawa Akeri mwezi Oktoba 1896. Ni haki kuanza hapo. Lakini miaka 9 kabla yao alipita katika miteremko hii mgeni mwingine, ambaye hakubeba Biblia ya kuhubiria wala hakuomba kiwanja cha kujenga. Alibeba dira, saa na vyombo vya kupimia pembe za jua na nyota. Huyo ni Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la wanamaji la Austria-Hungaria, ambaye ujuzi wake wa baharini uligeuka kuwa kazi ya kupima nchi kavu.

Höhnel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1857 katika mji wa Pressburg, ambao leo huitwa Bratislava. Alisomea ubaharia katika chuo cha wanamaji cha Fiume, akapanda cheo hadi kuwa luteni. Mwaka 1886 alikuwa akitumika katika meli ya kifalme iliyoitwa Greif, na kwa njia hiyo alikutana na Sámuel Teleki, kabaila wa Hungaria na rafiki wa Rudolf, mwana mrithi wa ufalme. Teleki alikuwa na mali nyingi, mwili mnene na hamu kubwa ya kuwinda, naye alikuwa akiandaa safari ya Afrika Mashariki. Höhnel aliomba afuatane naye, akapewa ruhusa na wakubwa wake. Teleki angeongoza msafara na kuwinda. Höhnel angepima njia, kuchora ramani na kukusanya mimea na wadudu. Mgawanyo huo ulidumu mpaka mwisho, na kwa kweli elimu yote iliyobaki kutokana na safari ile ni kazi ya baharia.

Mapema mwaka 1887 msafara uliondoka Pangani ukiwa na mamia ya watu, wengi wao wapagazi wa Unguja na wa pwani. Mwongoza njia mkuu alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, aliyeijua nyika ya Wamasai kuliko Mzungu yeyote wa siku zile. Walifuata mto Ruvu kwenda juu hadi Taveta, wakaweka kambi kubwa huko. Kutoka Taveta ndipo walipofunga safari ya kuja Meru.

Inafaa kueleza kazi ya Höhnel ilivyofanyika, kwa maana wengi hudhani ramani huchorwa kwa kutazama tu. Baharia asiyeona nchi kavu hujua mahali alipo kwa kuuliza mbingu. Adhuhuri hupima urefu wa jua kutoka upeo wa macho, naye hupata umbali wake kutoka mstari wa Ikweta. Kwa upande wa mashariki na magharibi hutegemea saa iliyo sahihi sana, kronometa, iliyowekwa kwa saa ya mahali panapojulikana: kila dakika 4 za tofauti ni nyuzi 1 ya mzunguko wa dunia. Melini saa hiyo hukaa ndani ya sanduku lake pasipo kuguswa. Katika nyika ya Afrika, vyombo vya namna hiyo husafirishwa kichwani au begani mwa mpagazi, katika mito, miiba na mvua. Mpagazi akijikwaa, saa hupotea sekunde kadhaa, na mlima huhama mahali pake katika karatasi. Kwa hiyo usahihi wa ramani ya Höhnel ulitegemea pia miguu ya wanaume ambao majina yao hayakuandikwa juu yake.

Urefu wa milima ulipimwa kwa njia rahisi zaidi, ambayo mama yeyote apikaye maharage katika sehemu za juu za Meru anaijua bila kipimo. Kadiri mtu anavyopanda, maji huchemka kabla hayajawa moto sana, na maharage hukawia kuiva. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi 1. Msafiri huchemsha maji, hutia kipimajoto, kisha hupiga hesabu. Kilele chenyewe, ambacho kimezidi mita 4,500, hupimwa kutoka mbali kwa pembe, kutoka sehemu mbili au tatu zinazojulikana.

Mambo hayo yalikuwa na uzito wake siku zile. Mmishenari Johannes Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na wasomi wa London wakamkejeli kwa miaka mingi, wakishikilia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Neno la mtumishi wa Mungu halikuwatosha, walitaka vipimo. Baada ya hapo Ulaya ilijifunza kuamini ramani kupita kiasi, hata kusahau kwamba karatasi nayo ina mambo isiyoyaona.

Höhnel aliifikia nchi hii wakati ambao haukurudi tena. Mwaka 1887 sotoka ilikuwa haijafika. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ugonjwa ule uliteketeza ng'ombe wa Wamasai, Waarusha na Wameru, ukafuatwa na njaa na ndui. Ni wageni wachache tu waliopata kuiona nchi ya Meru na Arusha ingali na nguvu zake, ikiwa na migomba, mifereji, mifugo na vijana wenye mikuki ambao misafara ya pwani iliwaogopa.

Mwezi Juni 1887 wasafiri hao wawili walijaribu kupanda Kilimanjaro. Höhnel aliishiwa nguvu akabaki nyuma. Teleki, pamoja na unene wake, alifika kiasi cha mita 5,300, ambako hakuna Mzungu aliyekuwa amefika kabla yake. Kisha msafara ukageukia kaskazini. Katika nchi ya Wakikuyu risasi zililia na watu wakafa. Mbele zaidi palikuwa na jangwa. Mnamo Machi 1888 waliliona ziwa kubwa la kaskazini, wakalipa jina la Rudolf, mlezi wa safari yao. Na ziwa dogo walilolikuta mwezi uliofuata wakaliita Stefanie, kwa jina la mkewe. Wenyeji walikuwa wakinywa maji na kuvua samaki humo tangu zamani, nao walikuwa na majina yao. Njaa na kiu viliua wapagazi wengi, na Höhnel mwenyewe aliugua karibu kufa. Waliosalia walifika Mombasa mwezi Oktoba 1888.

Kitabu cha safari hiyo, kilichotoka Vienna mwaka 1892 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1894, hakikuandikwa na Teleki bali na Höhnel. Kimeandikwa kwa uangalifu wa mtu wa vipimo. Habari za vifaru waliouawa kwa makumi zimo, na msomaji wa leo huzisoma kwa uchungu.

Kuna jambo moja la kustaajabisha kuhusu tarehe. Mwishoni mwa mwaka 1886, Höhnel alipokuwa bado hajakanyaga Meru, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekwisha kupatana na kuchora mstari wa mpaka kutoka pwani kupita kando ya Kilimanjaro hadi Ziwa Viktoria. Nchi iligawanywa kwanza, ikapimwa baadaye. Höhnel hakuhusika na mapatano hayo, wala Austria-Hungaria haikupata koloni hapa. Hata hivyo ramani haina njia ya kumchagua msomaji wake. Waliotaka kuleta Injili waliisoma, na waliotaka kuleta bunduki waliisoma pia. Wajerumani walijenga nguvu zao Moshi. Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Na Ovir na Segebrock walipouawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao, Kapteni Johannes alikuja kulipiza kisasi, akachoma migomba na kuteka mifugo. Tarehe 2 Machi 1900 viongozi wa Meru na Arusha walinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli. Ndipo mwaka 1902 wamishenari walipoweza kurudi na kuanzisha Nkoaranga, na mwaka 1904 Ilboru.

Ardhi nayo ilifuata mkondo huo. Kwenye ramani za kwanza uwanda ulio kati ya milima miwili ulionekana mtupu, kwa sababu mchoraji aliandika mito na vilele, siyo malisho ya ng'ombe wala njia za kwenda kwenye magadi. Uwanda mtupu ni rahisi kugawiwa walowezi. Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 walilijua hilo, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kueleza kwamba mahali pale palikuwa na watu. Si haki kumtwika Höhnel mzigo wa dhuluma hiyo. Lakini si haki pia kuisimulia kazi yake kana kwamba ilikuwa hesabu tupu.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa na heshima na maumivu. Mwaka 1892 alirudi Afrika Mashariki pamoja na Mmarekani William Astor Chanler. Mwezi Agosti 1893 kifaru alimjeruhi vibaya sana, akabebwa na wapagazi kwa majuma mengi hadi kupata matibabu. Mtu aliyekuwa amehesabu hatua za wapagazi kwa miaka miwili sasa alikuwa mzigo juu ya mabega yao, nao hawakumtupa. Alipona. Mwaka 1899 aliwekwa kuwa msaidizi wa Kaisari Franz Joseph, na mwaka 1905 aliongoza ujumbe uliofanya mapatano ya biashara na Kaisari Menelik wa Ethiopia. Alifikia cheo cha admirali.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliivunja Austria-Hungaria, na Austria iliyobaki haikuwa na pwani hata moja. Höhnel aliishi miaka yake ya mwisho akiwa afisa wa wanamaji wa nchi isiyo na bahari. Alifariki Vienna tarehe 23 Machi 1942, wakati wa vita vingine.

Rudolf alikufa kwa mkono wake mwenyewe mwezi Januari 1889, miezi mitatu tu baada ya msafara kurudi pwani. Mwaka 1975 serikali ya Kenya ililiita ziwa lake Turkana, na lile la Stefanie hujulikana Ethiopia kwa jina la Chew Bahir. Jina la Höhnel limebaki kwa kinyonga mdogo wa milima ya Kenya. Mlima alioupima huku Höhnel hakuupa jina jipya. Katika ramani yake aliuandika Meru.