Maxim Gorky na Wasikilizaji Wake

Katika vyuo vyetu vya ualimu, kusoma kwa sauti hufundishwa aghalabu kama zoezi la matamshi. Mtoto husimama, husoma aya moja, mwalimu husahihisha, mtoto mwingine huendelea. Hatuna ugomvi na zoezi hilo. Lina mahali pake katika andalio la somo. Lakini lipo jambo ambalo zoezi hilo peke yake haliwezi kulizaa, nalo ni kuwapo kwa mtu mwenye haja ya kweli ya kusikia kile kinachosomwa. Tumeona ni vema tulieleze jambo hili kwa kufuata maisha ya Maxim Gorky, mwandishi wa riwaya wa Urusi, ambaye shule aliiacha kabla hajatimiza miaka 12, na ambaye hata hivyo hakuacha kusoma hata siku walipomnyima taa.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Alexei Peshkov. Alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Nizhny Novgorod, kando ya mto Volga. Baba yake alikuwa fundi seremala. Alifariki mwaka 1871 kwa kipindupindu, ugonjwa alioupata alipokuwa akimuuguza mwanawe. Mama akarudi kwa wazazi wake pamoja na mtoto. Babu alikuwa mtia rangi nguo mwenye karakana yake, mtu mkali na bahili, na wajomba waligombania urithi usiku na mchana. Siku moja babu alimchapa mjukuu wake hata akazimia. Faraja ya nyumba ile ilikuwa bibi, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, lakini kifuani mwake mlijaa hekaya na mashairi ya kale yasiyo na idadi.

Inafaa mwalimu atazame kwa makini jinsi mtoto huyu alivyofundishwa kusoma. Babu ndiye aliyemwonyesha herufi, kidole kikipita juu ya kitabu cha kanisa, yeye akiita na mtoto akiitikia kwa kelele hata wote wawili wakatokwa na jasho. Ilikuwa njia ya kikale kabisa. Lakini katika saa ile babu aliusahau ukali wake. Alimsikiliza mtoto akisoma Zaburi, kisha yeye naye akamsimulia habari za ujana wake, alipokuwa akivuta mashua kwa kamba kandokando ya Volga. Mtoto alizishika herufi upesi. Baadaye mama alijaribu kumkaririsha beti za mashairi kwa utaratibu wa kisasa zaidi, neno kwa neno, naye mtoto akawa anayapotoa maneno, mara nyingine kwa makusudi. Sisi hatusemi kwamba mama alikuwa mwalimu mbaya na babu mwema. Tunasema tu kwamba mama alingojea maneno sahihi, na babu, pamoja na ubaya wake wote, alikuwa na kitu alichotaka kukisikia na kitu alichotaka kukisema.

Shule ilifuata, lakini kwa muda mfupi. Wakati huo mali ya babu ilikuwa imeteketea, na Alexei pamoja na watoto wenzake walikuwa wakiokota matambara, mifupa na vipande vya mbao ili wauze. Darasani wenzake walilalamika kwamba ananuka jalala. Yeye alijiosha kwa bidii na kubadili nguo kabla ya kwenda shule, lakini jina la mwokota taka lilikwisha kumshika. Kwa utundu wake alikuwa karibu kufukuzwa, na aliyemwokoa ni askofu mmoja aliyefika kukagua, akamwita mbele, akamuuliza anajua nini, akamsikiliza akisema Zaburi na hadithi za bibi yake. Askofu alimsikiliza kwa furaha ya dhahiri, kisha akawaomba walimu wamvumilie. Mwisho wa mwaka mtoto huyo alipewa hati ya sifa na zawadi ya vitabu, kimojawapo kikiwa ngano za Krylov. Akafika nyumbani akamkuta bibi mgonjwa, na fedha hamna. Akavipeleka vitabu dukani, akaviuza kwa kopeki 55, akampa bibi fedha. Hata mwalimu makini asingeweza kuyaona haya yote kutoka mezani pake. Angeona tu kwamba mtoto amepoteza vitabu vya zawadi.

Mwaka 1879 mama alikufa kwa kifua kikuu. Babu akamwambia mjukuu wake kwamba nyumbani hapana tena nafasi yake, aende akajitafutie riziki. Alikuwa na miaka 11. Aliwekwa mtumishi katika duka la viatu, akaunguza mikono kwa supu ya moto, akalazwa hospitali. Kisha akapelekwa kwa jamaa mmoja mchora ramani za majengo, ambako aliambiwa atafunzwa kazi, lakini kazi yenyewe ikawa kufagia, kuosha sakafu na kulea watoto. Alitoroka. Ndipo, mwaka 1880, alipopata kazi ya kuosha vyombo katika meli ya abiria iliyopita mto Volga, na hapo akakutana na mpishi aitwaye Smury.

Smury alikuwa askari wa zamani, mnene, mwenye nguvu za kutisha na ulimi mkali. Chumbani mwake alikuwa na sanduku lililojaa vitabu, vingi vikiwa vya ovyo, vimekusanywa bila mpango. Alimwita kijana, akajilaza kitandani, akamwamuru asome. Kijana aliposema kitabu hakieleweki, aliambiwa akirudie tena hata kieleweke. Wenzake jikoni walinung'unika kwa kuachiwa vyombo, lakini nani angethubutu kumbishia mpishi mkuu? Ilitokea mke wa nahodha akawaazima kazi za Gogol. Walipofika kwenye hadithi ya Taras Bulba, lile jitu lilibubujikwa na machozi, na msomaji akalia pamoja naye. Baadaye, alipokuwa mwandishi mashuhuri, Gorky alimtaja Smury miongoni mwa walimu wake wa kwanza. Tukumbuke kwamba mwalimu huyu hakusahihisha hata irabu moja. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kutaka zaidi.

Kijana aliporudi kwa mchora ramani, alirudi akiwa na kiu. Nyumba ile iliona kusoma kuwa uvivu na hatari. Mishumaa ilipimwa ili ijulikane kama imewashwa usiku. Alijaribu kuunasa mwanga wa mbalamwezi kwa sufuria ya shaba, haukutosha. Alisimama juu ya benchi asome kwa taa ndogo iliyoning'inia mbele ya picha takatifu. Hatimaye alikusanya mabaki ya mishumaa, akayatia katika kopo la samaki pamoja na mafuta ya taa, akasokota uzi kuwa utambi, akapata kibatari chenye moshi mwingi. Mama mkubwa wa nyumba alipozijua hila hizi alikasirika, na siku moja kwa kosa jingine akampiga kwa fungu la vijiti vya msonobari hata mgongo ukavimba. Daktari alitoa vibanzi 42, akataka kuandika mashtaka. Kijana akakataa kushtaki. Mabwana wake walifurahi mno, na katika furaha yao akawaomba neno moja tu: ruhusa ya kuazima vitabu kwa jirani, mke wa mshonaji nguo. Akapewa.

Kutoka hapo alipita katika karakana ya wachoraji wa picha takatifu. Jioni, wanaume waliochoka kwa rangi na pombe walimzunguka, akawasomea shairi refu la Lermontov. Wakamrudisha nyuma kwenye beti walizozipenda. Halafu mwaka 1884, akiwa na miaka 16, akaenda Kazan kwa tumaini la kuingia Chuo Kikuu. Tumaini hilo lilivunjika mara moja. Alipanga kwa familia maskini ya rafiki yake, na kila asubuhi alitoka mapema ili asile mkate wa mjane yule aliyeugawa kwa shida kwa watoto wake. Akabeba mizigo bandarini. Akaingia katika kiwanda cha mikate, chini ya ardhi, kazi ya saa 14 kwa siku.

Mwaka 1887 bibi alifariki, naye alipata habari majuma saba baada ya maziko. Hapakuwa na mtu pale wa kumweleza huzuni yake. Mwezi Desemba mwaka huo alijaribu kujiua kwa bastola. Risasi ilijeruhi pafu. Madaktari waliyaokoa maisha yake. Tumefikiri kama habari hii ifichwe, tukaona hapana, kwa sababu wako vijana wenye akili nyingi na vitabu vichwani wanaofika mahali hapo kimyakimya. Wala hakupona kwa siku moja. Wafanyakazi wenzake walikuja kumtazama hospitali. Kisha mtu mmoja aliyewahi kufungwa kwa siasa, Mikhail Romas, alimchukua mwaka 1888 hadi kijiji cha Krasnovidovo, akampa kazi dukani kwake, chumba, na rafu ya vitabu vyema. Romas hakumhubiria. Alizungumza naye jioni kuhusu vitabu hivyo kama mtu mzima na mtu mzima. Duka lilichomwa moto na maadui, wakaachana, lakini kijana alikwisha kusimama tena.

Mwaka 1891 alianza safari ndefu kwa miguu kusini mwa Urusi hadi Tiflis. Huko rafiki mmoja, Kalyuzhny, alimsikia akisimulia mambo aliyoyaona, akamhimiza ayaandike. Hadithi yake ya kwanza, Makar Chudra, ilichapishwa gazetini mwaka 1892, naye akajiita Gorky, neno la Kirusi lenye maana ya chungu. Mwaka 1898 vikatoka vitabu viwili vya hadithi zake, na sifa ikaenea upesi. Riwaya ya Mama ilifuata miaka ya 1906 na 1907.

Maisha yake ya kila siku, alipokaa Italia kwa sababu za siasa na afya, yalikuwa ya kawaida kuliko sifa yake. Asubuhi aliketi kwenye meza kubwa, akaandika kwa mkono. Saa zilizobaki alijibu barua nyingi sana na kusoma miswada ya watu asiowajua, wakiwamo vibarua na walimu wa vijijini, akiweka alama kwa kalamu ya rangi. Aliyesikilizwa sasa akawa msikilizaji. Hata hivyo si haki kumchora kama malaika. Mwaka 1929 alitembelea visiwa vya gereza vya Solovki akaandika kwa sifa, na mwaka 1934 alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu kilichotukuza mfereji uliochimbwa na wafungwa. Mtu aliyekuwa na sikio pana namna ile alishindwa, au alikataa, kuwasikia hao. Mwanachuo atakayesimulia maisha haya darasani asiiruke sehemu hii.

Tutaje jambo moja linalotuhusu sisi walimu. Mwaka 1920 Anton Makarenko alipewa kituo karibu na Poltava cha kulea vijana waliokuwa wakizurura na kuiba. Mafaili ya makosa yao hakutaka kuyasoma. Jioni za majira ya baridi aliwasomea vitabu, na walipofika kwenye habari za utoto wa Gorky, vijana walishangaa: huyu naye alipigwa, naye aliokota taka! Kituo kikapewa jina la Gorky. Mwaka 1925 wakaamua kumwandikia barua, na kwa kuwa hawakujua mtaa wala nyumba, juu ya bahasha waliandika jina lake na Italia basi. Barua ikafika, naye akajibu, akaendelea kujibu kwa miaka. Mwezi Julai 1928 alikwenda mwenyewe kuwatazama huko Kuryazh, karibu na Kharkov, akakaa nao siku chache, akala nao, akatoka nao shambani, na vijana wakapata nafasi ya kumsimulia kwa vinywa vyao.