Taha Hussein: Mtoto wa Chuoni Aliyefungua Milango ya Skuli

Wako miongoni mwetu, mjini na mashamba, wazee waliojaaliwa mtoto asiyeona, asiyesikia au mzito wa kusema, nao wakamweka ndani kwa huruma, wakingoja akue ndipo wajue la kumfanyia. Kwa ajili ya wazee hao, na kwa ajili ya watendaji waliokabidhiwa elimu ya watoto wetu, leo tunayakumbuka maisha ya Taha Hussein wa Misri.

Alizaliwa mwezi wa Novemba 1889 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Maghagha, kusini ya Cairo, akiwa mtoto wa saba kati ya 13 wa baba yake. Angali mdogo sana aliugua macho. Akatibiwa na kinyozi wa kijijini, na tiba hiyo ikampofusha. Baba yake, mtumishi mdogo wa kampuni ya sukari, hakumficha. Alimpeleka chuoni pamoja na watoto wenzake. Wao walisoma kwa macho, yeye akasoma kwa sikio, na kabla ya kutimiza miaka tisa alikwisha kuihifadhi Kurani yote.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Kazi ya kumdurusisha mtoto ilipuuzwa. Siku baba alipomtaka mwanawe asome mbele ya wageni, mtoto alikwama. Aibu ikamwangukia yeye, ilhali akili yake haikupungua. Kilichopungua ni kazi ya watu wazima. Alianza upya, akahifadhi tena.

Mwaka 1902 aliingia Al-Azhar. Mwaka 1914 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Misri, kwa utafiti juu ya al-Maarri, mshairi aliyekuwa kipofu kama yeye. Mwaka 1918 alipata udaktari wa pili mjini Paris, juu ya Ibn Khaldun. Huko Ufaransa alimwoa Suzanne, aliyekuwa akimsomea vitabu. Maandishi ya nukta nundu, aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille na kuyachapisha mwaka 1829, yalikuwa na umri wa miaka 60 Taha Hussein alipozaliwa, lakini hayakumfikia alipokuwa chuoni. Kwa hiyo alikulia katika kutegemea macho ya wengine.

Kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya ushairi wa kabla ya Uislamu kilizusha mabishano makubwa, nasi hatukusudii kuyaamua hapa. La kukumbukwa ni kwamba mwaka 1950 mtoto yule aliyeaibika mbele ya wageni alikuwa Waziri wa Elimu wa nchi yake, akaondoa ada katika skuli za sekondari ili mtoto wa maskini naye asome. Alifariki tarehe 28 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 83.

Sisi wa Visiwani tunaielewa vyema kazi ile, kwani tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bure kwa watoto wote. Neno wote halina mpaka. Linamhusu mtoto wa Mji Mkongwe kama linavyomhusu wa Makunduchi na Nungwi. Linamhusu anayeona na asiyeona.

Basi wazee wasingoje. Mtoto asiyeona aambiwe jina la kila kitu anachokigusa, asimuliwe hadithi, ashirikishwe katika mazungumzo ya nyumbani; asiyesikia aonyeshwe lugha ya alama tangu udogoni. Walimu wa chuoni na wa skuli wasimkalishe pembeni, wala wasimwachie msaidizi na kumsahau. Na watendaji wahakikishe kwamba nukta nundu na mwalimu anayezijua vinamkuta mtoto katika darasa la mwanzo, si baada ya miaka ya kujifunza kukata tamaa. Mtoto akikwama, kabla ya kumlaumu yeye, hatuna budi kujiuliza nani kati yetu aliyeacha kumdurusisha.