Yusufu: Mgeni Ambaye Hakuulizwa

Yusufu alikuwa na miaka 17 ndugu zake walipomuuza kwa vipande 20 vya fedha. Huko Misri alinunuliwa na Potifa, akida wa askari walinzi. Hakuwa na baba wa kumtetea wala mzee wa kumwendea.

Mke wa Potifa alimsumbua siku baada ya siku. Habari hii hufundishwa kama jaribu la tamaa tu. Lakini aliyedai alikuwa bibi wa nyumba, na aliyedaiwa alikuwa mtumwa. Yusufu alikataa, akamwepuka, na aliposhikwa nguo alikimbia. Vazi lile likageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake, na Uebrania wake ukatajwa kama sehemu ya kosa. Maandiko hayaonyeshi kwamba Potifa alimwuliza neno. Akatiwa gerezani.

Humo alimweleza mnyweshaji wa Farao kwamba hakutenda lolote la kumfungisha. Mnyweshaji akamsahau miaka 2 mizima. Bwana hakumsahau: akiwa na miaka 30 Yusufu alisimama mbele ya Farao. Hata hivyo alimwita mzaliwa wake wa kwanza Manase, jina linalohusu kusahau taabu, na bado alilia mara nyingi baadaye.

Wako wanaume waliokimbia vita vya mashariki mwa Kongo wakiwa wamebakwa, nao hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Je, ndugu wa namna hiyo akiingia kanisani kwenu Sabato hii, atamkuta Potifa, atamkuta mnyweshaji, au atapata wa kumsikiliza?