Musa Mwariama na Bunduki ya Bomba: Maisha ya Mpiganaji wa Meru

Utangulizi

Jina la Dedan Kimathi limezoeleka katika madarasa yetu ya fasihi, hasa tangu tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo ilipotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Mzalendo Kimathi mwaka 1978. Fildi Masha Musa Mwariama hakupata bahati hiyo. Wengi humjua kwa picha moja tu, ile inayomwonyesha akiwa na nywele ndefu za msokoto mbele ya Jomo Kenyatta, siku chache baada ya uhuru. Makala haya yanakusudia kuyaeleza maisha yake kwa kupitia chombo kimoja, yaani bunduki, kwa kuwa kuishika na kuiweka chini ndiko kulikoyagawa maisha hayo.

Kutoka Muthara hadi msituni

Mwariama alizaliwa Muthara, Tigania, katika wilaya ya Meru, mwaka 1928. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, alikuwa kijana wa miaka 24 hivi. Vita vya Jeshi la Ardhi na Uhuru, ambavyo wakoloni waliviita Mau Mau, aghalabu husimuliwa kana kwamba vilikuwa vya Wakikuyu peke yao. Ukweli ni kwamba Wameru na Waembu nao waliingia katika msitu wa Mlima Kenya. Embu ilimtoa Jenerali Kubukubu, na Meru ikawatoa Baimungi Marete na Mwariama mwenyewe, aliyepanda ngazi hadi kuwa kiongozi mkuu wa wapiganaji wa upande huo.

Bunduki ya bomba

Wapiganaji walikuwa na silaha chache mno. Baadhi walizipata kwa mashambulizi, kama lile la kituo cha polisi cha Naivasha tarehe 26 Machi 1953, walipotwaa bunduki 47. Zisizopatikana kwa njia hiyo ilibidi zitengenezwe. Fundi alichukua kipande cha bomba la maji akakifanya mtutu. Kitako alikichonga kwa mti. Komeo la mlango ndilo lililoigonga risasi, likisukumwa na ukanda wa mpira uliokatwa kutoka katika tyubu ya gurudumu. Mpiga risasi alilivuta komeo nyuma, mpira ukatanuka, kisha akaliachilia.

Tukiilinganisha na bunduki ya marisau ya mwindaji, tofauti ni kubwa. Ile iliyobuniwa na Mmarekani John Browning, na kuanza kuundwa Ubelgiji mwaka 1902, hutumia kishindo cha risasi yenyewe kuurudisha mtutu nyuma, kulitupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Mwindaji hana kazi ila kufyatua tena. Bunduki ya msituni ilipiga mara moja, na mwenyewe akaijaza upya kwa mkono huku adui akimkaribia. Kwa kuwa bomba halikuundwa kuhimili nguvu ya baruti, mara nyingine lilipasuka na kumjeruhi aliyeishika. Aidha, mtutu wake haukuwa na mifuo ya ndani ya kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja, hivyo shabaha ilikuwa ya karibu tu.

Kwa nini basi mtu aibebe? Jibu tunalipata katika sheria za wakati ule. Kupatikana na silaha au risasi bila idhini kulikuwa kosa la kunyongwa. Watu 1,090 walinyongwa katika vita hivyo, na wengi wao hawakuwa wamehukumiwa kwa kuua. Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, alihukumiwa kwa sababu ya bastola moja na risasi zake. Kwa hiyo aliyeibeba bunduki ya bomba alikuwa amekwisha kukubali hukumu ya kifo, hata kama bunduki yenyewe haikuweza kumpata mtu. Kiapo cha mdomo kingeweza kukanwa. Bunduki mkononi haikukanika.

Kuiweka chini

Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikamatwa Januari 1954. Mtaro wa kilomita 80 hivi ulichimbwa kwa kazi ya kulazimishwa kando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwatenga wapiganaji na wanavijiji waliowalisha. Mwariama hakuuawa wala hakukamatwa, na katika viongozi wa cheo chake ndiye aliyebaki hivyo hadi bendera ya mkoloni iliposhuka.

Mnamo Desemba 1963, wapiganaji walitoka msituni na kukusanyika katika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, kusalimisha silaha kwa serikali ya Kenyatta. Mwariama alikubali na kurudi kwao. Baimungi hakuridhika, kwa kuwa aliona suala la ardhi halijatatuliwa. Alirudi msituni, na Januari 1965 akauawa na majeshi ya serikali huru. Wawili hawa walitoka eneo moja na walipigania jambo moja. Mmoja alifariki mwaka 1989 akiwa ameona miaka 26 ya uhuru. Mwingine aliona mwaka mmoja na kidogo.

Hitimisho

Si haki kumwita Mwariama aliyesalimu amri, wala Baimungi mkaidi. Kuiacha silaha ambayo umeilinda kwa roho yako kwa zaidi ya miaka kumi, mikononi mwa serikali ambayo hujaijaribu, ni tendo la imani. Aliyekataa naye alikuwa na hoja, kwani chama cha Mau Mau kiliendelea kupigwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003, miaka 14 baada ya Mwariama kufariki. Hivyo shujaa aliyepigwa picha na rais alizikwa akiwa bado, kwa mujibu wa sheria, mfuasi wa chama haramu. Ni wajibu wetu, wanafunzi wa fasihi simulizi, kuyakusanya masimulizi ya Tigania, Igembe na Embu kabla wazee wanaoyakumbuka hawajatutoka.